Kujitunza Kila Siku Katika Umri wa Makamo: Mada kwa Wakazi wa Himo



Malori ya mizigo yanayopita Njia Panda ya Himo hupimwa kwenye mizani. Dereva hawezi kumwambia ofisa wa mizani kwamba gari lake lisipimwe kwa sababu injini inaunguruma vizuri. Mizani haikuwekwa kwa ajili ya injini. Iliwekwa kwa ajili ya barabara. Uzito uliozidi hauvunji lami siku moja. Huikandamiza kidogo kidogo, bila kelele, mpaka asubuhi moja shimo huonekana mahali ambapo jana palikuwa pazima, na gharama ya kuliziba huwa kubwa kuliko gharama ya kupima ingekuwa.

Mwili wa mtu aliyefika umri wa makamo, yaani kati ya miaka 40 na 60 hivi, uko katika hali ya barabara hiyo. Watu wengi hupita juu yake. Kule vihambani, Kilema, Kirua, Mwika au Marangu, wapo wazazi wazee wanaohitaji dawa na mtu wa kuwachotea maji. Nyumbani wapo watoto wanaodaiwa michango na sare. Kikundi cha kuweka na kukopa kinasubiri marejesho. Ukoo una msiba, na jirani ana harusi. Mtu huyo ndiye anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na kila anayemtegemea humkuta yupo. Yeye mwenyewe hupita miaka mingi bila kupita kwenye mizani yoyote.

Mada hii inahusu namna mtu huyo anavyoweza kujitunza kila siku bila kuyatupa majukumu yake.

Maradhi yasiyobisha hodi

Wapo wanaodhani kwamba shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, ni maradhi ya matajiri wa mjini. Mkoa wa Kilimanjaro una ushahidi wake wa tangu zamani kwamba sivyo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapima watu wazima wa kijiji cha Shari, wilayani Hai, na wa eneo la Ilala, Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionesha kwamba takribani watu 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kijiji hakikuwa nyuma ya jiji. Lililokuwa zito zaidi ni hili: miongoni mwa wenye tatizo hilo, hata mmoja katika kila watano hakufika aliyekuwa akijua kwamba analo. Takribani mmoja katika 10 alikuwa akipata matibabu. Waliokuwa wamefanikiwa kulishusha na kulidhibiti hawakufikia mmoja katika 100.

Baadaye, kati ya mwaka 2003 na 2006, utafiti mwingine ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo ya Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri wa wakazi, Hai ilionekana kuwa na takribani wagonjwa 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam takribani 316. Shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya ugonjwa huo.

Takwimu hizo ni za miaka iliyopita, na huduma zimesogea mbele tangu wakati huo. Hata hivyo zina mafunzo mawili kwa mkazi wa Himo. La kwanza ni kwamba mlima haumkingi mtu. Hai na Himo ziko kwenye miteremko ya Kilimanjaro ileile. La pili ni kwamba maisha ya mji yana bei yake. Himo imekuwa mji wa njia kuu, soko na mpaka. Mtu aliyezoea kushuka kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani leo hushuka kwa bodaboda, hukaa kwenye kiti cha kibanda chake tangu asubuhi hadi jioni, hunywa soda kwa sababu iko karibu kuliko maji, kisha hurudi nyumbani kwa gari.

Ugumu wa presha ni kwamba haiumi. Jino likioza, mwenyewe hukosa usingizi. Mguu ukivunjika, haukanyagi. Lakini mtu anaweza kuishi na presha miaka mingi akilima, akifanya biashara na kucheka na wenzake, huku mishipa ya moyo, figo na ubongo ikiharibika. Kwa hiyo maneno “siumwi” si jibu. Ni maneno yaleyale ya dereva anayesema injini inaunguruma vizuri.

Jambo la kwanza: kupima

Mtu mwenye umri wa miaka 40 na zaidi anapaswa kujua namba za shinikizo lake la damu kama anavyojua namba yake ya simu. Kipimo kinachofikia 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, ni shinikizo la juu la damu. Kupima hakuhitaji sindano wala kulazwa. Zahanati na kituo cha afya ndipo mahali pa kuanzia, na mtu hahitaji kusubiri augue ndipo aende.

Kipimo kina adabu zake. Mtu asifike akihema kutoka sokoni na kunyoosha mkono hapohapo. Akae kimya kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, miguu ikiwa chini bila kupishana, na mkono ukiwa umelazwa usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kipimo kimoja kilichopanda si hukumu, na kimoja kilichoshuka si cheti cha kudumu. Kinachotakiwa ni kurudia na kuandika, daftari dogo likiwekwa nyumbani.

Aliyeambiwa atumie dawa anatakiwa kuitumia kila siku. Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu hupewa dawa za mwezi mmoja, hupata nafuu, presha hushuka, naye huona amepona na kuacha. Presha haikuondoka, ilizuiwa na dawa. Dawa ikiacha kuingia, nayo hupanda tena. Vivyo hivyo si vema kuazima vidonge vya jirani kwa kuwa ugonjwa unafanana kwa jina, wala kuacha dawa kimyakimya kwa sababu inaleta kikohozi, uvimbe au kizunguzungu. Anayeona dalili hizo arudi kwa aliyemwandikia, kwani zipo dawa za aina nyingine. Na anayetumia mitishamba amweleze mtoa huduma bila aibu, ili moja isipingane na nyingine.

Katika safari hiyohiyo ya kupima, mwanamke aulizie uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Mwanamume anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au anayepata shida kuianza, aende kuchunguzwa tezi dume na sukari badala ya kusema ni uzee. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Jambo la pili: kuutembeza mwili

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Walilinganisha makundi mawili ya watu waliofanya kazi katika basi moja, barabara moja na saa zilezile. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Ugonjwa wa moyo ulionekana zaidi kwa madereva kuliko kwa makondakta, na wengi waliokufa ghafla walikuwa madereva.

Himo ni mji unaoelewa habari hii bila kufasiriwa. Hapa wapo madereva wa malori, wa daladala na wa bodaboda, wapo mafundi cherehani, wauza duka, makarani na akina mama wa vibanda ambao kazi yao ni kukaa. Kuchoka si sawa na kufanya mazoezi. Mtu anaweza kurudi nyumbani amechoka sana huku moyo wake haukufanya kazi ya maana siku nzima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayoongeza mapigo ya moyo na kumfanya ahemee kidogo, bila kumnyima pumzi ya kuzungumza. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Anayelima kwa jembe, anayebeba majani ya ng’ombe kupandisha mlima au anayepalilia kahawa, kwa siku hizo amekwisha kutimiza wajibu wake. Anayekaa kutwa ndiye anayehitaji kutafuta dakika hizo, na si lazima zipatikane kwa mkupuo. Dakika 10 asubuhi kwa kushuka kituo kimoja kabla ya sokoni, 10 mchana na 10 jioni zinatosha.

Mwishoni mwa mwaka 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kukabiliana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa mazoezi ya pamoja. Ni ukumbusho mzuri, lakini mwili haujui Jumamosi moja ya mwezi. Kinachoujenga ni mwendo wa kila siku. Kwa kuwa barabara kuu ya Himo ina magari makubwa, anayetembea apendelee njia za ndani; akilazimika kuitumia barabara kuu, atembee upande wa kulia akiyatazama magari yanayokuja. Akina mama wanaotembea wawili au watatu jioni hupata usalama na mazungumzo kwa pamoja.

Jambo la tatu: jikoni na mezani

Vyakula vya Kilimanjaro si adui. Ndizi, maharage, mnafu, mchicha, parachichi na maziwa ni akiba ambayo sehemu nyingine za dunia huinunua kwa bei kubwa. Tatizo liko katika vinavyoongezwa na katika saa ya kula.

Kiasi cha chumvi kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Kijiko hicho kinahesabu chumvi ya mtori wa asubuhi, ya mboga za mchana, ya mchuzi wa usiku, ya mkate na ya kachumbari. Inafaa kikopo cha chumvi kiondolewe mezani, kwa sababu wengi hunyunyiza kabla hawajaonja. Magadi yanayolainisha maharage nayo yana sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kwa magadi kisiongezwe chumvi kama kile kisichokuwa nayo. Kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji yake hupunguza haja ya magadi na huokoa kuni.

Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kimoja kwanza, na ulimi ukizoea, kingine. Nyama choma na chipsi ziwe chakula cha siku moja moja, si cha kila siku. Mbege ina heshima yake katika sherehe na mazungumzo ya ukoo, lakini ni pombe, na mwenye presha akiwekewa kata baada ya kata anapaswa kuwa na ujasiri wa kuipitisha. Sigara haina kiasi kilicho salama. Neno hili lina uzito zaidi mwezi wa Desemba, watoto wa mlima wanaporudi kutoka kila pembe ya nchi na kila nyumba ina chungu. Sikukuu si likizo ya dawa.

Jambo la nne: kulala na kupumua

Usingizi ni chakula cha namna yake. Watu wazima walio wengi huhitaji walau saa 7 kwa usiku. Mtu anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri kuwahi mzigo sokoni amepata saa 4 tu, na deni hilo hulipwa kwa hasira, usahaulifu, ajali na presha. Kama saa ya kuamka haiwezi kubadilika, basi saa ya kulala ndiyo ibadilike, na simu ikae mbali na kitanda.

Wanawake walio wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla mwilini, jasho la usiku, kukosa usingizi na huzuni isiyo na sababu ya wazi huweza kuambatana na mabadiliko hayo. Si laana, si uvivu, wala si jambo la kuonewa aibu na mume au watoto. Ni kipindi cha maumbile ambacho mtoa huduma wa afya anaweza kukisaidia. Baada yake hatari ya maradhi ya moyo huongezeka, na kwa hiyo haja ya kupima huwa kubwa zaidi.

Akina baba nao wana mzigo wao. Wengi hukaa pamoja jioni wakazungumza siasa, mpira na bei ya mahindi, lakini si kukosa kwao usingizi kwa ajili ya mkopo. Moyo unaobeba peke yake huchoka upesi. Rafiki mmoja wa kuambiwa ukweli, kiongozi wa dini, mshauri au mtoa huduma wa afya ni sehemu ya kujitunza kama zilivyo dawa.

Siku moja yenye mizania

Mizania haimaanishi kuyafanya yote kwa ukamilifu. Achukuliwe mama mwenye miaka 48 anayeuza ndizi sokoni Himo. Hawezi kuacha kuamka alfajiri, na ushauri wa kupumzika zaidi, usiosema ni lini, haumsaidii. Lakini anaweza kuweka vidonge vyake karibu na mswaki, akavimeza kila anaposafisha kinywa. Anaweza kubeba chupa ya maji na ndizi zilizochemshwa kutoka nyumbani, ili saa sita mchana asiwe ameshinda na soda na maandazi. Kila mteja anapoondoka anaweza kusimama, badala ya kubaki kwenye kigoda. Jioni anaweza kutembea dakika 20 za kwanza za safari ya nyumbani kabla ya kupanda gari. Chakula cha usiku kinaweza kusogezwa kutoka saa 3 hadi saa 1, mabinti na wavulana wote wakishika zamu jikoni. Mara moja kwa mwezi, siku ambayo si ya gulio, anaweza kupita zahanati.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai fedha nyingi, wala hayatakiwi kuanza siku moja. Inashauriwa kuanza na moja, kulifungamanisha na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama sala, mswaki au kufungua duka, na kungoja mpaka liwe desturi kabla ya kuongeza la pili. Siku ikiharibika, kesho yake inaanza upya bila kujilaumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo watakaoona kwamba mama huyo anajipendelea, akitembea huku kazi zinamsubiri. Lakini jamaa wanapaswa kutazama upande wa pili. Kiharusi kikimwangusha, hakilali naye peke yake. Kibanda hufungwa. Marejesho ya kikundi husimama. Mara nyingi binti ndiye huacha shule ili amgeuze mama kitandani, amwogeshe na kumlisha, na mzazi mzee kule kihambani hubaki bila anayempelekea dawa. Nusu saa anayojipa kila siku ni ya watu hao wote. Kwa hiyo wampe, na wasingoje aiombe.

Vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya, jumuiya za misikiti na makanisa, na vijiwe vya bodaboda vinaweza kusaidia kwa njia rahisi: kumwalika mhudumu wa afya wa eneo lao aje kupima siku ya mkutano, na kuulizana hali kama wanavyoulizana marejesho.

Na kila nyumba izijue dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama au kutoeleweka. Yakionekana hayo, si wakati wa kungoja kupambazuke, wala kutafuta aliyeroga, wala kumpa mgonjwa kitu cha kunywa. Ni wakati wa kumpeleka hospitali mara moja, na kukumbuka saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza.

Lori likizidisha uzito, mzigo hupunguzwa ndipo safari iendelee. Hakuna dereva anayeambiwa aache kusafiri. Mtu wa makamo naye haambiwi aache kuwabeba wanaomtegemea. Anaombwa apite kwenye mizani, ajue uzito wake, na apange mzigo wake upya ili afike nao salama.